Ghorofa Kwanza au Bomba Kwanza? Mjadala wa Mbaraki

Hoja iliyo mezani ni hii: je, Serikali ya Kaunti ya Mombasa iendelee kuruhusu maghorofa yapande Mbaraki, Ganjoni na Kizingo kabla haijatandaza mabomba ya maji safi na ya maji taka yatakayowatosha watu watakaoyakalia?

Nimeiweka hoja hii mbele ya wasemaji watano. Sikuwapa majina, maana ni sauti nilizozitunga kutokana na maneno ya wengi. Anayeishi upande huu wa kisiwa, kati ya Barabara ya Nyerere na maji ya Kilindini, amekwisha kuzisikia zote kwenye benchi la kahawa. Nimezikusanya ili zijibizane, jambo lisilotokea sana katika vikao vya kutoa maoni, kwa kuwa huko kila mtu husema na meza ya mbele, hasemi na jirani yake.

Yupo Mjenzi, anayenunua nyumba kuukuu zenye ua akazibomoa na kusimamisha ghorofa. Yupo Mzee wa Mji wa Kale, aliyekuwa karani katika Baraza la Manispaa kabla ya ugatuzi wa 2013. Yupo Bi Mkubwa, auzaye mihogo na madafu ufuoni Mama Ngina na aliyepanga chumba Mbaraki. Yupo Dereva, kijana wa malori ya bandarini. Wa mwisho ni Mtaalamu, binti aliyesomea mipango ya miji.

Mbaraki yafaa kwa mjadala huu kwa sababu kila kitu kimerundikana hapo. Kuna gati linaloshusha shehena, kuna maghala na yadi, kuna klabu ya michezo, kuna nyumba za familia zilizozungukwa na miembe, na katikati yake maghorofa mapya. Kuna pia mnara wa mawe ya matumbawe ambao Wareno waliuchora katika ramani yao ya mwaka 1728, pamoja na msikiti wake. Watu wamekaa hapa miaka mingi kabla hapajawa na ofisi yoyote ya kupitisha ramani.

MJENZI: Naomba nianze mimi, kwa kuwa mimi ndiye mshtakiwa. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 665,018 Mombasa. Ya 2009 ikahesabu 939,370. Ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Hao zaidi ya nusu milioni walioongezeka mwataka walale wapi? Kisiwa hakikuongezwa hata pima moja. Kijana wenu akioa ataka nyumba, na aitaka karibu na kazi, asiamke saa kumi za usiku kuwahi feri ya Likoni. Nyumba ya familia moja naifanya ya familia ishirini. Nalipia ramani, nalipia cheti cha mazingira, nalipia ukaguzi. Maji nachimba kisima changu. Choo nachimba shimo langu. Kaunti hainipi hata ndoo. Leo mwaniambia ningoje bomba. Marehemu baba yangu alilingoja bomba hilo hilo.

MZEE: Mwanangu, nimekusikia. Nikuulize. Hicho kisima na hilo shimo, viko umbali gani?

MJENZI: Kiwanja chenyewe robo eka, Mzee. Viko umbali ambao kiwanja kimeruhusu.

MZEE: Basi jibu umelitoa wewe mwenyewe.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu swali la Mzee ndilo moyo wa jambo hili na watu hulipita haraka. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo lina matundu na nyufa, na maji hulipenya. Ndiyo maana mashimo ya vyoo ya Mombasa husifiwa kwamba hayajai upesi. Yangejaaje, na yanavuja? Yanayotoka shimoni huteremka hadi kwenye maji yale yale ambayo kisima cha jirani huyavuta kwa pampu, na yaliyobaki huelekea baharini. Nyumba moja yenye watu saba ikichimba shimo, ardhi hupata muda wa kuchuja. Familia ishirini kwenye robo eka hiyo hiyo, na upande wa pili wa ukuta wengine ishirini, ardhi haipati muda huo. Kipindupindu kimerudi Mombasa mara kadhaa katika miaka hii ya ugatuzi, na hakikuhitaji kuletwa na meli.

Kisiwa kina mabomba ya maji taka katika baadhi ya mitaa, na mtambo wa kuyasafisha uliwekwa Kizingo, mwendo mfupi kutoka Mbaraki. Kwa miaka mingi mtambo huo haukufanya kazi, na yaliyoufikia yakaenda baharini jinsi yalivyo. Mtambo mwingine uko Kipevu, ng'ambo ya bara. Sehemu kubwa ya kaunti haina bomba la maji taka kabisa: hutegemea mashimo na malori ya kunyonya choo.

BI MKUBWA: Mimi sina shimo wala kisima, vyote vya mwenye nyumba. Maji ya kisima twaoshea, hatuyanywi, yana chumvi. Ya kunywa nanunua kwa dumu, ya mkokoteni. Kodi yangu naijua mwanzo wa mwezi, lakini bei ya dumu siijui mpaka asubuhi. Umeme ukikatika kule yanakopigiwa pampu, bei yapanda hapa. Na kila siku nikitandika meza yangu yule kijana wa risiti za kaunti hakosi, hata siku ya mvua. Nampa. Nataka mtu aniambie, hiyo pesa yangu yaenda kufanya nini? Maana bomba sijaliona.

MTAALAMU: Mama, pesa yako huingia Hazina ya Mapato ya Kaunti pamoja na mapato mengine yote. Hivyo ndivyo Katiba isemavyo katika ibara ya 207. Ikishaingia humo haina jina lako tena wala la Mbaraki. Hutoka kwa sheria ya bajeti tu.

BI MKUBWA: Na hiyo bajeti yaandikwa lini, ili nami niwepo?

MTAALAMU: Ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa. Kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge lake. Kufikia 28 Februari hupeleka waraka wa mkakati wa fedha, na humo ndimo kila idara hupewa kiwango chake cha juu. Kufikia 30 Aprili yanafika makadirio yenyewe. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Watu wengi huja mwezi wa Juni, wakati mambo yamekwisha kupikwa.

MZEE: Enzi zetu diwani alikuwa akikaa mtaani. Mfereji ukiziba, watu humfuata nyumbani kwake jioni. Sasa mna bunge zima, mna mawaziri, mna magari. Mfereji ni ule ule.

MTAALAMU: Mzee wangu, kwa heshima. Mtambo wa Kizingo ulikuwa hoi hata kabla ya ugatuzi. Waliouacha hivyo ni nani?

MZEE: Ni sisi. Sikatai. Lakini nasema, tulikuwa tukijua wa kumlaumu.

Sauti ya Mzee naiheshimu, ila sitaki tupumzike juu yake. Kumtafuta mwenye mji ni shida ya pwani nzima. Februari 2021, Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala kuwa jiji, kwa hoja kwamba halmashauri ile ilikuwa juu ya manispaa zenye maeneo yao, nayo yenyewe haina eneo. Mombasa, ambayo ni jiji na kaunti kwa pamoja, haina bodi ya jiji ya kando. Gavana na bunge la kaunti ndio wenye jiji. Kwa hiyo kisingizio kimoja kimekwisha kuondoka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka mikononi mwa kaunti mipango na maendeleo, mitaro ya maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa, na huduma za maji na usafi. Yote hayo ni kazi ya ofisi hiyo moja.

MJENZI: Kwa karatasi ni moja. Njoo kwa vitendo. Maji ya jumla yako chini ya wakala wa serikali kuu. Mabomba ya mitaani ni ya kampuni ya maji ya kaunti. Kuna barabara zilizo chini ya mamlaka ya taifa. Gati na feri ni za bandari, na bandari ni ya Nairobi. Mimi nikileta ramani yangu, hizi meza zote hazisemezani. Na sasa mwataka kuniongezea meza nyingine.

MTAALAMU: Kweli hazisemezani. Lakini, kaka, wewe wanufaika na kimya chao. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 58, yasema kwamba mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku sitini, idhini itahesabiwa kuwa imetolewa. Ofisi ikilala siku sitini, ghorofa lako limepita.

MJENZI: Na isipokuwa hivyo ofisi italala miaka sita! Kifungu kile kiliwekwa kwa sababu.

Kifungu kile kina sababu, nakubali. Kiliwekwa kumlinda mwananchi asizungushwe. Lakini hebu tuone kinavyofanya kazi mahali kama Mbaraki. Swali la kama bomba la mtaa huu linaweza kubeba familia ishirini zaidi si swali la kujibiwa kwa kimya. Ramani ya jengo huonyesha nguzo, ngazi na madirisha. Haionyeshi bomba lililo chini ya barabara lina upana gani, limetandazwa lini, na tayari linabeba nyumba ngapi. Habari hiyo iko kwa watu wengine, na sheria haikumlazimu anayeidhinisha kungoja neno lao kabla siku sitini hazijaisha. Jengo hupita likiwa halali kabisa, na mtaa hufurika kihalali kabisa.

DEREVA: Mimi nawasikiliza, nanyi mwaongea kama watu walioshiba. Wacha niseme langu. Reli mpya ilipoanza 2017, makontena yakaanza kupelekwa Nairobi kwa treni. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba mizigo iende kwa reli, watu wakaandamana hapa Mombasa. Tulikuwa na yadi, tulikuwa na malori, tulikuwa na vijana wa kufunga turubai, mama wa chakula, makanika wa matairi. Kazi ikakauka. Ni kweli Septemba 2022 Rais Ruto aliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Lakini ile miaka ya katikati nani alitushika mkono? Mjenzi. Wenzangu walibeba mchanga, walikoroga zege, waliweka vyuma. Mkimsimamisha Mjenzi leo mpaka bomba lije, mimi mwanisimamisha naye.

BI MKUBWA: Mwanangu, nani asiyejua. Lakini na mie ghorofa likija nasimamishwa. Hicho chumba changu kikivunjwa, hizo nyumba mpya siziwezi. Nitaenda ng'ambo, na meza yangu ya mihogo iko huku. Nitalipa nauli kila siku kwenda kuuza pale ninapokwenda leo kwa miguu.

Maneno haya mawili ni ya kweli yote, wala sioni haja ya kulipunguza moja ili lingine lisimame. Mwaka 2021 mtaa wa Buxton, wenye nyumba 584 za zamani za serikali, ulibomolewa ili pajengwe zaidi ya 1,800. Kuna waliosema ni uonevu na kuna waliosema ndiyo njia pekee ya kuweka watu kisiwani. Mimi swali langu la kwanza ni jingine: nyumba zikizidishwa mara tatu, ni mstari gani wa bajeti uliozidisha bomba mara tatu? Mtaa ukipangwa upya, mstari huo uwe unaonekana kabla ya tingatinga kuwashwa. Na hilo lifanyike Mbaraki pia.

Tuje kwenye maji safi, kwa kuwa hapo Mombasa ina udhaifu ambao watunga mipango hawapendi kuutaja kwa sauti. Kisiwa hiki hakina mto. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, huleta maji kutoka chemchemi zilizo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200. Visima vya Baricho viko kando ya mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Marere na Tiwi ziko Kwale. Bwawa la Mwache, lililotegemewa kuja kukata kiu hii, liko Kwale pia. Taita-Taveta, Kilifi na Kwale zimekuwa zikidai haki yao katika maji hayo, na madai hayo hayatapungua, kwa sababu nazo zinakua. Kinachofika Mombasa hakifiki nusu ya kinachohitajika.

MJENZI: Bahari imetuzunguka. Kwa nini tusitoe chumvi? Jamaa zetu walioko Muscat hunywa maji ya bahari tangu miaka ya 1970, na wala hawana mto.

MTAALAMU: Kaunti ilitangaza mpango huo katika muongo uliopita, Likoni na Nyali zikatajwa kuwa mahali pa mitambo. Haikujengwa. Oman ina gesi yake ya kuendeshea mitambo na serikali iliyobeba gharama. Sisi umeme twaununua ghali. Maji yatapatikana, ndiyo. Bei yake itakuwa ipi kwa mama huyu anayenunua kwa dumu?

BI MKUBWA: Nitanunua hivyo hivyo, nitapunguza kula.

MZEE: Sasa tuseme pesa. Maana bomba halitandazwi kwa hotuba.

MTAALAMU: Mgao wa Mombasa kutoka serikali kuu umekuwa zaidi ya shilingi bilioni saba kwa mwaka. Juu yake kuna mapato ya kaunti yenyewe: kodi za ardhi, leseni, maegesho, masoko, mabango. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya bajeti iwe ya maendeleo. Kwenye vitabu hutengwa. Kwenye matumizi, ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mara nyingi kwamba kaunti nyingi, na ya kwetu ikiwamo, hazifiki hapo. Mishahara haingoji hata siku. Madeni ya wakandarasi yapo. Kinachosubirishwa ni bomba, kwa kuwa bomba haligomi.

MZEE: Na kodi ya ardhi mwaikokotoa kwa daftari gani? Mimi nililishika daftari lile. Sheria ilitaka thamani ya viwanja iandikwe upya kila miaka kumi. Haikuandikwa. Miaka imepita, kiwanja cha Kizingo kimepanda bei mara ngapi, na mwenyewe alipia thamani ya karne iliyopita.

BI MKUBWA: Subiri hapo, Mzee. Yaani mwenye kiwanja alipia bei ya zamani, na mimi wa mihogo nalipia bei ya leo asubuhi?

MZEE: Ndivyo hivyo, binti yangu.

Swali hili la Bi Mkubwa lingepaswa kusomwa kila mwaka mbele ya bunge la kaunti kabla ya mswada wa fedha kujadiliwa. Mji ambao humfuata mwenye meza ya mihogo kila siku, na mwenye kiwanja cha mamilioni humwachia thamani ya zamani, umekwisha kuamua nani atagharimia ukuaji wake. Mimi nasema uamuzi huo ni dhuluma, na nasema tena kwamba hauna hata faida, kwa sababu fedha za bomba haziko kwenye meza za mihogo. Ziko kwenye ardhi, ambayo ghorofa likiidhinishwa thamani yake huruka siku hiyo hiyo kwa muhuri wa umma.

DEREVA: Na bandari mbona mwaipita? Mwaka 2023 pale zilipita tani karibu milioni 36. Malori yote hayo yakanyaga barabara hizi hizi. Kaunti yapata nini?

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa jambo lenyewe ni la kupiganiwa Nairobi na mahakamani. Jedwali la Nne linazipa kaunti feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa, na maana ya maneno hayo haijatulia. Dereva ana haki. Lakini kaunti inayongoja fedha za bandari ndipo itengeneze choo cha Ganjoni itangoja sana.

MJENZI: Haya. Tuseme nimekubali bomba kwanza. Niambieni itakavyokuwa. Nitakwenda kampuni ya maji kuomba barua kwamba bomba laweza kubeba jengo langu. Atakayeiandika barua hiyo ni nani? Ni bwana mmoja ofisini. Ataniangalia, ataniambia faili halionekani, nirudi Jumatatu. Mwajua maana yake. Kila muhuri mpya ni mlango mpya wa kuombwa chai. Mtamaliza kujenga haki yenu, na kitakachobaki ni chai imepanda bei na nyumba imepanda bei. Atakayeilipa chai hiyo ni mpangaji, yaani huyu mama.

Kati ya yote yaliyosemwa na upande wa Mjenzi, hili ndilo zito zaidi, na watetezi wa mipango hawajalijibu vizuri. Tumezoea kudhani kwamba kanuni ikiwa njema basi itafanya wema. Mombasa imeona kanuni njema zikigeuzwa maduka. Mji wa Kale una masharti yake ya uhifadhi tangu miaka ya 1990, na bado mtu akitembea kutoka Ngome ya Yesu kuelekea Bandari ya Kale huona nyumba zilizopandishwa kinyume cha masharti hayo, saruji juu ya chokaa. Ruhusa inayotolewa kwa siri huuzwa.

Kwa hiyo mimi nina pendekezo, na sijalisikia likisemwa kwa ukamilifu katika vikao. Bomba lihesabiwe kabla ya mwombaji kuja, na hesabu hiyo iwe wazi. Kampuni ya maji na idara ya mipango zitengeneze daftari la mtaa kwa mtaa: bomba la barabara hii lina upana huu, linahudumia nyumba hizi, limebakiwa na nafasi ya familia kadhaa, barabara ile imejaa, ile nyingine haina bomba. Daftari libandikwe kwenye ofisi ya wadi, liwekwe kwenye tovuti ya kaunti, na libadilishwe kila jengo likiidhinishwa. Hapo Mjenzi hatahitaji barua ya bwana yeyote. Atasoma mwenyewe kabla hajanunua kiwanja. Penye nafasi, ramani yake ipite ndani ya siku sitini bila kusukumwa. Pasipo nafasi, jibu la kukataa liwe tayari limeandikwa ukutani, na kimya cha ofisi kisiweze kuligeuza.

MJENZI: Na penye kujaa? Ndiyo mwisho? Mtaa ufungwe milele?

MTAALAMU: Hapana. Mtaa uliojaa ndio uingie kwanza katika mpango wa mwaka. Sheria ya 2019 yaruhusu kaunti kutoza ada ya maendeleo kwa anayeomba idhini. Leo ada kama hiyo humezwa na Hazina moja. Lakini mwaka 2023 Bunge la taifa lilipitisha sheria ya kuziruhusu hospitali za umma zibaki na ada zinazokusanya na kuzitumia pale pale. Ikiwa dawa imestahili ulinzi huo, choo chastahili pia. Hata kabla ya sheria mpya, bunge la kaunti laweza kuandika kwenye makadirio kwamba kiasi hiki kilichotarajiwa kutoka Mbaraki na Kizingo kitatandaza bomba la Mbaraki na Kizingo.

MJENZI: Nikiuona mstari huo kwenye kitabu cha bajeti, nitalipa. Na nitaleta wenzangu walipe. Lakini niuone.

DEREVA: Na kutandaza bomba ni kazi. Mitaro haichimbwi na mashine peke yake.

MZEE: Mimi nataka kitu kimoja zaidi. Daftari hilo lihesabu na mvua. Maji ya mvua yakikosa mtaro huingia kwenye bomba la maji taka, na hapo hesabu yenu yote yaharibika. Tuliliona hilo zamani, na mvua za El Niño za 2023 zikalionyesha tena.

Ana haki: mvua nayo ihesabiwe.

Bi Mkubwa hakupata jibu la swali lake la chumba, na sitalificha pengo hilo. Daftari la mabomba linaweza kuzuia mtaa usifurike. Haliwezi kumzuia mwenye nyumba kupandisha kodi. Ghorofa lililopewa bomba kwa fedha za umma lina deni kwa umma, na ningetaka sehemu ya nyumba zake iwe kwa watu wa kipato cha Bi Mkubwa. Lakini Mombasa haijaonyesha bado kwamba yaweza kusimamia sharti la namna hiyo likadumu baada ya picha za ufunguzi. Mjadala huo unadai kikao chake, na wapangaji ndio wauanzishe, si wenye viwanja.

Kwa hoja ya leo uamuzi wangu ni bomba kwanza, na bomba lililohesabiwa hadharani. Mbaraki haikosi watu wa kutosha kuudai uamuzi huo. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, hivyo kaunti zote zinajua kwamba maoni ya raia si pambo. Mwakilishi wa wadi ya Shimanzi/Ganjoni ana kiti katika bunge la kaunti na ana karani wa kupokea barua. Msomaji unayeishi upande huu, andika barua yenye swali moja: bomba la mtaa wangu limebakiwa na nafasi ya nyumba ngapi? Iandike wewe na majirani, mweke sahihi zenu, mdai nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Waraka wa mkakati wa fedha hufika bungeni kufikia tarehe 28 Februari. Barua ifike kabla yake.